Barua ya Kazi Ndiyo Mjomba wa Asiye na Mjomba

Wazee wetu wametuachia msemo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni msemo wa kweli sokoni, ambako mnunuzi huja mwenyewe, akalishika embe, akalinusa na kulibonyeza, ndipo akatoa fedha yake. Lakini mtu anayeomba kazi hayupo sokoni. Yeye yuko Micheweni au Makunduchi, na anayetaka kumwajiri yuko ofisini mjini, na baina yao hakuna ila karatasi. Mwajiri hamwoni wala hamsikii, na hana habari ya tabia njema ambayo mtaa mzima unaijua. Anachokiona ni barua, wasifu na vyeti. Ikiwa karatasi hizo hazikusema kitu, basi chema kitaoza kikiwa chema vile vile.

Tumeona inafaa leo tulizungumze jambo hili kwa kituo, kwa sababu linagusa takriban kila nyumba ya visiwa vyetu. Hapana shehia isiyokuwa na vijana waliomaliza skuli na vyuo, wakakaa barazani wakingoja. Wazazi wao waliuza karafuu, mwani na mifugo ili wapate ada. Kijana kama huyo anapokosa kazi kwa kuwa mwenzake amemshinda kwa elimu na uwezo, hilo ni jambo la kusikitikia, lakini ni haki. Anapoikosa kwa sababu barua yake haikueleza alichonacho, au cheti kimoja kimesahauliwa, au jina limeandikwa namna mbili, hiyo ni hasara isiyokuwa na sababu. Na hasara za namna hiyo ni nyingi kuliko tunavyopenda kukiri.

Tunajua kuna watakaotucheka. Watasema: "Barua nzuri ya nini, na kazi zote zina wenyewe?" Wananchi wa nchi hii waliyapa maradhi hayo jina la mzaha la undugunaizesheni, na jina hilo limedumu kwa sababu maradhi yenyewe yamedumu. Hatukusudii kuyaficha. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 22, inatambua kwamba kila raia anastahili fursa sawa ya kushika kazi zilizo chini ya mamlaka ya nchi. Na baina ya ibara hiyo na mlango wa ofisi, mara nyingine hupita kimemo cha mjomba.

Lakini tutafakari kidogo. Afisa anayetaka kumpa kazi mpwa wake hupenda kitu gani zaidi? Hupenda maombi mabovu ya wengine. Maombi yaliyokosa cheti, yaliyochelewa au yasiyokuwa na sahihi humpa sababu halali ya kuyaweka kando, na mkaguzi akija hakuti kosa. Maombi yaliyotimia, yenye kila sifa iliyotakiwa na ushahidi wake, humweka afisa huyo katika taabu. Hawezi kuyatupa ila kwa kuacha alama, na alama hiyo inaweza kuulizwa. Kwa hiyo yule asiye na mjomba ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya barua nzuri. Barua hiyo ndiyo mjomba wake.

Tuanze pale kazi inapoanzia, nalo ni tangazo. Vijana wengi huliangalia tangazo kama wanavyoliangalia bango la mpira: husoma jina la kazi na siku ya mwisho, basi. Tangazo limeandikwa ili lisomwe neno kwa neno. Aghalabu lina mambo manne: majukumu ya kazi, sifa za lazima, sifa zitakazoongeza uzito, na masharti ya kuomba. Mwombaji achukue karatasi, aipige mstari katikati. Upande mmoja aandike kila sifa iliyotakiwa. Upande wa pili, mbele ya kila sifa, aandike ushahidi alio nao: cheti gani, kazi gani aliyoifanya, nani aliyemwona akiifanya. Pakibaki pengo mbele ya sifa ya lazima, aiache nafasi hiyo, asipoteze nauli na matumaini. Pakibaki pengo mbele ya sifa ya ziada, aombe bila ya hofu. Karatasi hiyo ya mstari katikati, ikishakamilika, tayari ni barua. Kilichobaki ni kuinakili kwa adabu.

Tuseme ofisi moja inatafuta msaidizi mtunza ghala. Inataka mtu aliyemaliza kidato cha nne, mwenye cheti cha utunzaji wa ghala, anayejua kutumia kompyuta, na mwaminifu. Binti mmoja wa Micheweni anaandika: "Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu, mwenye uwezo wa kufanya kazi katika mazingira magumu na bila ya kusimamiwa." Maneno hayo si mabaya, ila yamo katika kila barua iliyopo mezani. Msomaji akishayaona mara hamsini, mara ya hamsini na moja hayaoni tena. Na mwizi naye, akiomba kazi ya ghala, ataandika kwamba ni mwaminifu.

Sasa binti huyo huyo na aandike hivi: "Kuanzia Januari 2022 hadi Disemba 2023 nilitunza daftari la mapokezi la ushirika wetu wa mwani. Kila gunia lililoingia nililipima, nikaandika uzito wake na jina la mwenyewe, na kila mwisho wa mwezi nililinganisha daftari na magunia yaliyomo ghalani mbele ya katibu wa ushirika." Hapa hakusema kwamba ni mwaminifu wala mchapakazi. Msomaji ameyaona mwenyewe, na akitaka kuhakikisha anajua wa kumuuliza. Kazi hiyo hakulipwa mshahara, na pengine ndiyo maana hakutaka kuitaja. Hilo ni kosa la wengi. Kazi ya kujitolea, ya duka la baba, ya kuweka hesabu za kikundi cha akiba au kusomesha watoto wa mtaa ni kazi, maadamu mtu aliifanya kwa kweli na yupo wa kuishuhudia.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Anwani ya mwandishi na tarehe ziwepo, kisha anwani ya anayeandikiwa kama ilivyotajwa katika tangazo, bila ya kuibadili. Kichwa cha barua kitaje nafasi inayoombwa na nambari ya kumbukumbu ya tangazo, ikiwa ipo, kwani ofisi moja huweza kutangaza nafasi kumi kwa siku moja. Aya ya kwanza iseme ni kazi gani inayoombwa na tangazo lilionekana wapi. Aya ya pili na ya tatu zijibu sifa zilizotakiwa, kwa ushahidi. Aya ya mwisho ishukuru na kutaja namna ya kumpata mwombaji. Chini yake paje sahihi ya mkono na majina kamili. Lugha ifuate tangazo: lililotaka Kiswahili lijibiwe kwa Kiswahili, na lililotaka Kiingereza lijibiwe kwa Kiingereza alichokiandika mwombaji mwenyewe, kwa sababu siku ya usaili ataulizwa kwa lugha hiyo hiyo na hatakuwepo rafiki wa kumjibia.

Shida za ukosefu wa kazi zisitolewe katika barua. Mwajiri anaweza kuwa mtu wa huruma, lakini ameitwa kujaza nafasi. Anayeandika kwamba ana wadogo sita wanaomtegemea anasema kweli, na kila mwenye moyo atamwombea dua. Ila bado hajajibu kama anaweza kuitunza ghala.

Kuna na wale wanaoandika barua moja wakaigawa kila mahali kama kadi ya harusi. Huko Nungwi, Paje na Kiwengwa, kwenye mahoteli, barua hufika ikisifu hoteli nyingine, kwa sababu mwandishi alisahau kubadili jina. Barua hiyo haisomwi zaidi ya hapo. Ni heri barua tatu zilizoandikwa kwa makini kuliko thelathini zilizonakiliwa.

Wasifu, ambao vijana huuita sivii, ni orodha ya ukweli na hauhitaji mapambo. Uanze na majina, anwani, nambari ya simu inayopatikana na baruapepe yenye jina la kiungwana. Kisha ifuate elimu na kazi, ya karibuni ikitangulia ya zamani, kila moja na miaka yake. Miaka isiyokuwa na maelezo humfanya msomaji ashuku. Ukiwa uliuguza mzazi au ulikuwa shambani, sema kwa sentensi moja. Mwisho ni wadhamini, yaani watu watakaomsemea mwombaji. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yamekuwa yakitaka wadhamini watatu. Wachaguliwe waliomwona mwombaji akifanya kazi au akisoma, na waombwe ruhusa kwanza. Mdhamini anayepigiwa simu akauliza, "Huyo ni nani?" amekwisha kuharibu kila kitu bila ya kukusudia. Barua ya sheha inathibitisha makaazi, na ni muhimu pale inapotakiwa. Lakini sheha hawezi kusema kama unajua kupanga mafaili.

Sasa tufike kwenye vyeti, ambapo ndipo wengi wetu wa visiwani tunapozama karibu na ufuko. Matangazo ya Sekretarieti hiyo yamekuwa yakieleza wazi kwamba nakala za vyeti zithibitishwe na wakili au mwanasheria, cheti cha kuzaliwa kiambatanishwe, na kwamba hati za matokeo au matokeo ya muda hazikubaliwi mahali pa cheti kamili. Aliyesoma nje ya nchi, iwe Khartoum, Kampala au India, anatakiwa vyeti vyake vitambuliwe na mamlaka husika hapa nchini: vya chuo kikuu na Tume ya Vyuo Vikuu, vya sekondari na Baraza la Mitihani. Mambo haya huchukua muda. Asiyeyaanza mpaka aone tangazo amekwisha kuchelewa.

Na liko jambo la majina, ambalo ni letu hasa. Mtoto amezaliwa, karani wa hospitali akaandika Khamis. Mwalimu wa darasa la kwanza akaandika Hamisi. Kidato cha nne likaingia jina la babu. Chuoni likaingia jina la ukoo. Salum akawa Salim, Othman akawa Athumani. Mtaani hakuna aliyepata kujali, maana sote tunamjua mtoto wa nani. Lakini mtu anayelinganisha vyeti ofisini, au mfumo wa kompyuta unaosoma herufi kwa herufi, huona watu wawili. Kila mzazi mwenye mtoto skuli ayatoe makaratasi yake leo ayaweke sambamba, kabla mtoto hajasajiliwa kwa mitihani ya taifa, kwa kuwa baada ya hapo marekebisho huwa na mlolongo mrefu. Kwa ambaye maji yamekwisha kumwagika, iko njia ya kisheria ya hati ya kiapo cha majina, na aifuate mapema.

Iko njia nyingine ambayo tunaitaja ili tuikataze, nayo ni kughushi. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti iliyowataja watumishi wa umma 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi, na akaagiza waondolewe kazini. Miongoni mwa watu kama hao huwamo waliotumikia miaka mingi, wenye familia na mikopo. Uongo wa karatasi haufi kwa kuzeeka. Hukaa ndani ya faili ukingoja siku ya kufunuliwa, na siku hiyo hauulizi kama kazi ulikuwa ukiifanya vizuri.

Kuhusu kupeleka maombi, zama zimebadilika. Zamani mtu wa Pemba aliikabidhi bahasha yake kwa abiria wa meli na kumwomba Mungu ifike. Siku hizi maombi mengi ya kazi za Serikali, Bara na Visiwani, hupelekwa kwa mtandao. Umbali umepungua lakini haukwisha, kwani wengi wetu tunategemea vibanda vya kompyuta. Hapo pana hatari moja tunayotaka kuitilia mkazo. Mwenye kibanda, kwa kutaka kuharakisha, humfungulia mwombaji akaunti kwa baruapepe yake yeye na neno la siri analolijua yeye. Wito wa usaili ukija, unaingia kwa mwenye kibanda, na mwombaji yuko Kojani hana habari. Baruapepe iwe yako, neno la siri liwe lako, na uliandike mahali usipopasahau. Nyaraka zote ziskaniwe zikiwa zinasomeka, kila faili lipewe jina la kilichomo ndani yake, na maombi yatumwe siku tatu au nne kabla ya mwisho, kwa sababu usiku wa mwisho watu wote hukimbilia mlango mmoja, mtandao ukawa mzito na umeme ukakatika. Ukishatuma, hakikisha umepata uthibitisho, uuhifadhi pamoja na nakala ya tangazo na ya barua yako. Utakapoitwa kwenye usaili utaulizwa juu ya uliyoyaandika, na ni aibu mtu kutokumbuka maneno yake mwenyewe.

Hayo ni ya mwombaji. Sasa tunawageukia ndugu zetu watendaji wa Serikali, wasije wakadhani kwamba somo hili haliwahusu. Tumemwambia kijana aandike kwa ushahidi; basi tuna wajibu wa kumhakikishia kwamba atasomwa. Kama hasomwi, tumemdanganya.

Kwanza, tangazo liwe la haki. Lieleze sifa kwa maneno yaliyo wazi, lipewe siku za kutosha, na libandikwe katika ofisi za shehia pamoja na kuwekwa mtandaoni. Kazi ya kuanzia isitakiwe uzoefu wa miaka mitatu, kwani aliyemaliza chuo mwaka jana atautoa wapi?

Pili, mizani ikubaliwe kabla ya bahasha kufunguliwa. Wanaochuja maombi waandike mapema kila sifa ina alama ngapi, wazitie sahihi, na karatasi hiyo ibaki katika faili. Kupanga alama baada ya kuona majina ni kukata nguo kwa kipimo cha mtu aliyekwisha kuchaguliwa.

Tatu, kimemo kikifika, nacho kiwekwe ndani ya faili. Hatudhani patakuwa na haja ya adhabu nyingi. Vimemo havipendi mwanga, na anayejua kwamba chake kitasomwa na mkaguzi hatakiandika.

Nne, wito wa usaili uzingatie bahari. Mtu wa Mkoani anayetakiwa Dodoma hupanda boti mpaka Unguja, akapanda nyingine mpaka Dar es Salaam, kisha akashika njia ya bara, na pengine nauli hiyo imekopwa. Mwito unaotoka Jumatatu kwa usaili wa Jumatano umekwisha kumchuja kabla hajaulizwa swali. Kila inapowezekana, hatua ya kwanza ya usaili ifanyike karibu na watu, Pemba ikiwemo.

Tano, asiyechaguliwa ajibiwe. Sentensi moja yatosha: ulikosa cheti fulani, au muda ulikuwa umepita, au wenzako walikuzidi alama. Kijana aliyeambiwa kosa lake atalisahihisha. Asiyeambiwa kitu atajijibu mwenyewe, na jibu lake litakuwa lile la barazani, kwamba kazi zina wenyewe. Ofisi nyingi zinalaumiwa kwa upendeleo ambao hazikuufanya, kwa sababu tu zilinyamaza.

Turudi kwa binti wetu wa Micheweni. Hatuwezi kumwahidi kwamba barua njema itampa kazi ya ghala. Wanaoomba ni wengi na nafasi ni moja, na huenda akawepo mwenzake aliyemzidi. Lakini akiwa ameisoma kila sharti, akaijibu kila sifa, akayalinganisha majina yake na kutuma mapema, amekwisha kulifanya lililokuwa katika uwezo wake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye ameinama. Zamu iliyobaki ni ya yule aliyekaa upande wa pili wa meza, mwenye miwani, kalamu na faili mbele yake. Tunamwomba asome.